Siri ya mvinje imo mizizini

Ukitoka Dar es Salaam kwa barabara ya Bagamoyo, ukishapita Mapinga unaingia Kerege. Ukanda huu wote wa pwani unaujua mvinje: fito, boriti, kuni, kivuli cha uani. Wageni huuita msonobari, na si ajabu, maana una sindano na vitunda vya magamba. Lakini okota sindano moja uivute taratibu. Itakatikia kwenye kifundo, na kifundo hicho kimezungukwa na vijino vidogo sita hadi vinane. Vijino hivyo ndivyo majani. Sindano yenyewe ni kitawi. Mvinje ni mti wa maua, wala hauna udugu wa karibu na misonobari ya shamba la miti la Sao Hill.

Jina lake la kitaalamu, Casuarina equisetifolia, lilitolewa na Carl Linnaeus wa Sweden mwaka 1759. Limetokana na kasuari, ndege mkubwa ambaye manyoya yake yananing'inia kama vitawi hivyo.

Nguvu za mti huu zilionekana wazi Bamburi, Mombasa. Mwaka 1971 René Haller, mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, alianza kupanda miti katika machimbo ya kiwanda cha saruji, mahali palipobaki mwamba mtupu wa matumbawe na maji ya chumvichumvi. Alijaribu aina 26. Zilizosalimika ni tatu tu, mvinje ukiwamo. Vitawi vilivyodondoka vilikuwa vigumu kuoza, akaleta jongoo wakavitafuna. Udongo ukaanza kujengeka juu ya jiwe, na leo pale pana msitu.

Mvinje unakulaje penye jiwe? Mizizini mwake mna vinundu, na ndani ya vinundu wanaishi bakteria waitwao Frankia, wanaonasa naitrojeni ya hewani na kuulisha mti. Wataalamu walihangaika miaka mingi kuwakuza bakteria hawa maabara, hadi walipofanikiwa Marekani mwaka 1978, kwa kutumia mmea mwingine. Mwaka 2008 watafiti wa Ufaransa na wenzao walichukua ndugu wa mvinje, Casuarina glauca, wakaififisha jeni moja iitwayo SymRK. Mizizi ikashindwa kuunda vinundu sawasawa, ikashindwa pia kuwapokea kuvu wanaoisaidia kufyonza madini. Jeni hiyohiyo ndiyo inayofanya kazi katika mizizi ya mimea ya jamii ya kunde. Mlango mmoja, wageni wa kila namna! Kwangu mimi huu ni ugunduzi mkubwa kuliko wote katika historia ya mti huu.

Lakini jeni hufungua mlango tu. Mgeni lazima awepo. Waliopanda misonobari Afrika Mashariki waliliona hilo kwa kuvu: miche ilidumaa na kugeuka njano mpaka ilipochanganyiwa udongo wa chini ya misonobari mikubwa.

Basi wewe unayepanda mivinje kwenye kiwanja kipya, chota udongo kidogo chini ya mvinje mkongwe, uuchanganye kwenye viriba vya miche yako.