Rimoti Mbili za Bibi

Bibi yangu alianguka usiku, katikati ya kitanda na swichi iliyo karibu na mlango. Hakuvunjika, tunamshukuru Mungu, ila tangu siku hiyo akawa anaacha taa inawaka mpaka asubuhi. Nilipokwenda kumwona Ruangwa nikambebea soketi ya rimoti niliyoinunua Kariakoo. Unaichomeka ukutani, juu yake unachomeka taa ya mezani, halafu unawasha na kuzima ukiwa umelala.

"Na hii nayo ni ya LUKU?" akaniuliza.

Nilicheka, lakini swali lake lilikuwa na maana. Mita yake iko juu ya nguzo, na ndani ana kile kidude cha kuingizia namba ambacho wengi tunakiita rimoti ya LUKU. Nacho kinachomekwa kwenye soketi, nacho kinaongea na kitu kilicho mbali. Tofauti ni nani anayeamua. Mwaka 2024 wateja wa LUKU walitakiwa kuingiza namba za ziada, tarakimu 20 kwa 20, kwa sababu mfumo wa tokeni unaotumika duniani ulihesabu dakika tangu 1993 na hesabu yake ilikuwa inaishia Novemba 24. Bibi hakuwa na habari na hesabu hiyo. Alibonyezewa namba na mtoto wa jirani, basi.

Kuamuliwa kutoka mbali si jambo geni huku. Bibi alikuwa mtoto Nachingwea wakati wa karanga. Serikali ya Uingereza, ikiwa na njaa ya mafuta ya kupikia baada ya vita, ilianza mradi huo mwaka 1947. Yakaja matrekta, ikajengwa bandari Mtwara, ikatandikwa reli hadi Nachingwea. Januari 1951 London ikatangaza kuachana nao. Reli nayo ikafungwa 1962. Waliowasha walikuwa mbali, na waliozima walikuwa haohao.

Nyumbani, lakini, mwanga ulikuwa wa mwenye nyumba. Koroboi ilikaa kando ya kitanda, kibiriti chini ya mto. Bibi akisikia mtoto analia ananyoosha mkono tu. Umeme ulipofika kwake ulileta mwanga mzuri usio na moshi, ila fundi akaweka swichi mlangoni, kama ilivyo desturi. Kumbe tuliposema maendeleo yameingia, kwa Bibi mwanga ulikuwa umesogea hatua sita.

Kwa hiyo sioni rimoti hii kama anasa ya watu wavivu. Tesla aliendesha kimashua kwa mawimbi ya redio jijini New York mwaka 1898, na kidude cha Bibi kinafuata kanuni hiyohiyo. Rimoti nyingi za TV hutumia mwanga usioonekana, mtu akikaa mbele unakwama. Redio inapita hata ukutani. Nilimwonya asichomeke pasi wala jiko, maana soketi zile ndogo hazihimili mzigo mkubwa.

Usiku ule nilisikia kibonyezo kutoka chumbani kwake. Taa ikawaka, ikazimika, ikawaka tena.

"Bibi, kuna nini?"

"Hamna kitu, mjukuu wangu. Lala."

Umeme ukikatika rimoti haina kazi, hilo analijua. Kibiriti bado kiko chini ya mto.