Kiolesura sanifu na kiolesura miliki

Kiolesura tumekizoea kwa maana ya kile mtumiaji anachokiona kwenye skrini: vitufe, menyu, madirisha. Lakini programu nazo huombana kazi. Orodha ya maombi ambayo programu moja hukubali kupokea kutoka kwa nyingine nayo huitwa kiolesura, ingawa haina sura ya kutazamwa. Maana hii ya pili ndiyo inayohitaji vivumishi viwili, sanifu na miliki.

Kiolesura sanifu huafikiwa na watengenezaji wengi, kama Kiswahili sanifu kilivyohitaji makubaliano. Kiolesura miliki kina mwenyewe: ndiye hukibuni, hukibadilisha, na akitaka hukiacha.

Tazama kamera ya Raspberry Pi, kompyuta ya bodi moja iliyobuniwa Cambridge, Uingereza, na kuanza kuuzwa Februari 2012. Kamera yake ilifuata mwaka 2013. Watu walipiga picha kwa amri ya raspistill, au kwa picamera, maktaba ya lugha ya Python. Chini ya zote mbili palikuwa na MMAL, kiolesura cha Broadcom, kampuni iliyotengeneza chipu ya bodi hiyo. MMAL ilipeleka maombi kwa programu iliyofungwa ndani ya kichakata michoro. Huko ndiko mwanga na rangi vilikorekebishwa, wala mtu wa nje hakuweza kuona vinarekebishwaje. Na wakati huohuo kerneli ya Linux ilikuwa tayari na V4L2, kiolesura sanifu cha video ambacho kamera za USB za kila kampuni hukitumia.

Wengi huichukulia miliki kuwa kinyume cha huria. Sikubaliani nao, na MMAL yenyewe ni ushahidi. Msimbo wake wa upande wa kichakata kikuu ulitolewa kwa leseni huria ya BSD. Yeyote aliweza kuusoma na kuunakili. Hata hivyo kiolesura kilibaki miliki, kwa sababu kilizungumza na chipu za kampuni moja tu, na kampuni hiyo ndiyo iliyojua kilichokuwa upande wa pili. Huria hueleza leseni ya msimbo. Miliki na sanifu hueleza nani ana mamlaka juu ya makubaliano.

Tofauti hiyo iliwagusa watu Novemba 2021, toleo la Bullseye la mfumo wa Raspberry Pi lilipohamia libcamera, maktaba iliyojengwa juu ya V4L2. Programu nyingi zilizoitegemea picamera ziligoma, na waliozitunza wakalazimika kuziandika upya. Njia ya zamani haikufanya kazi kwenye mfumo wa biti 64, na Raspberry Pi 5 ya mwaka 2023 haina njia hiyo kabisa.

Mwaka huohuo wa 2023 amri za libcamera nazo zilibadilishwa majina, libcamera-hello ikawa rpicam-hello. Safari hii lilibadilika jina tu; kiolesura cha chini kilikuwa kilekile.