Puuza Neno, Usimdharau Mtu



Kazi yangu ni kushona nguo za harusi, na fundi husikia mengi wakati wa kupima. Nasaha anayopewa biharusi mara nyingi kuliko zote ni neno moja tu: "Puuza." Mawifi wakisema, puuza. Jirani akinong'ona, puuza. Mume akinuna, puuza. Neno ni fupi, lakini lina safari ndefu, na lina ndugu zake ambao si wote wema. Tukiyachanganya maneno haya, tunaweza kuharibu nyumba au kumwacha mwenzetu ateseke kimya kimya.

Kupuuza ni ndugu wa upuuzi. Upuuzi ni jambo lisilo na maana, kwa hiyo anayepuuza amelisikia jambo, amelipima, kisha akaliweka kwenye fungu la upuuzi. Kudharau ni kingine. Hapo unashusha thamani, na mara nyingi anayeshushwa ni mtu. Kughafilika, neno tulilolipata kwa Waarabu, ni kupitiwa bila kukusudia. Kufumbia macho ni kuona vizuri kabisa kisha ukajifanya hukuona. Vijana nao wana maneno yao: kupotezea, kuuchuna, na kumchunia mtu, yaani kumnyamazia makusudi mpaka ajione hayupo.

Mimi ni mzaliwa wa Rugu, wilaya ya Karagwe, mkoani Kagera. Watu huniuliza Kiswahili kilifikaje mbali vile na bahari. Kilikwenda kwa miguu. Karne ya 19 misafara ya biashara ilitoka pwani inayotazamana na Unguja, ikapita Tabora, ikapanda mpaka Karagwe kwa Mfalme Rumanyika, ambaye makao yake yalikuwa Bweranyange. Mwingereza John Hanning Speke alipofika kwa Rumanyika mwaka 1861, wafanyabiashara wa pwani walikwishamtangulia. Walikuwa na kituo chao Kafuro, karibu na Bweranyange, na Henry Morton Stanley alipopita mwaka 1876 alimkuta hapo mfanyabiashara Hamed Ibrahim. Waliingia na vitambaa na shanga, wakatoka na pembe za ndovu. Lugha ilikwenda pamoja na mizigo.

Baadaye serikali za kikoloni zilitaka Kiswahili kimoja cha shule. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulichagua Kiunguja kiwe msingi, na mwaka 1930 kamati ya lugha ya Afrika Mashariki ikaanza kukisanifu. Ndiyo maana mtoto wa Rugu hujifunza darasani maneno ya kisiwani kabla hajaiona bahari.

Lakini neno likihama, hukuta wenyeji. Nyumbani kwetu tunasema Kinyambo, na tuna neno okugaya, yaani kudharau, kukiona kitu si kitu. Kwa hiyo sisi wa Karagwe tukisikia "amekupuuza", masikio yetu hukimbilia kwenye okugaya, tukaona tumetukanwa. Biharusi wa bara akiolewa kisiwani, mavyaa akimwambia mwanawe "mpuuze tu mkeo, leo amechoka", maana yake ni "usimjibu, mwache apumzike". Biharusi anaweza kulala analia, akidhani ameambiwa hana thamani. Kabla hujakasirikia neno, uliza mwenyewe alikusudia nini.

Kisiwani na pwani yote, wanawake walipata pia njia ya kupuuza na kudharau bila kufungua mdomo, nayo ni kanga. Kanga zilienea karne ya 19, na duka la Kaderdina Hajee Essak la Mombasa, maarufu kwa jina la Abdulla, lililoanza mwaka 1887, ni miongoni mwa yaliyozipa umaarufu. Maandishi yake yalikuwa kwanza kwa herufi za Kiarabu, kisha zikaja za Kirumi. Mwanamke akivaa kanga yenye methali kama "Kelele za mlango hazimzuii mwenye nyumba kulala", amekwishasema kwamba maneno yenu nayasikia na usingizi wangu uko palepale. Huko ni kupuuza. Lakini akiinunua makusudi, akaivaa shughulini, akakaa mbele ya wifi yake na kumgeuzia mgongo ili asome, hapo amevuka mpaka. Aliyepuuza kweli hahitaji kutangaza.

Dini yetu imeweka mpaka huo wazi, na ajabu ni kwamba unaonekana kwenye kugeuza uso. Katika Surat Luqman, aya ya 18, Luqman anamkataza mwanawe kuwageuzia watu shavu kwa kiburi. Wafasiri wanasema neno lililotumika linatokana na ugonjwa wa ngamia unaompinda shingo. Hiyo ndiyo dharau. Na Surat Abasa iliteremka Mtume (S.A.W.) alipokunja uso na kumgeukia mbali kipofu, Ibn Umm Maktum, kwa kuwa alikuwa akizungumza na wakubwa wa Makureshi. Mwenyezi Mungu alimkumbusha thamani ya yule aliyekuja mwenyewe kutafuta uongofu.

Kuna kugeuza uso kwingine, kunakosifiwa. Katika Surat At-Taghabun, aya ya 14, inayowataja wenza na watoto wetu, Mwenyezi Mungu anataja mambo matatu pamoja: kusamehe, kuachilia na kughufiria. Lile la katikati kwa Kiarabu ni safhu, na lina mzizi mmoja na safha, yaani ukurasa. Mtu analipa kosa upande wa uso, kama anayefunua ukurasa akaendelea na kitabu. Mkosaji bado umemshika mkono, kosa ndilo ulilolipa kisogo.

Basi somo anapokuambia "puuza", mwelewe hivyo. Puuza neno la hasira la siku moja. Puuza umbea, na wanaosema gauni lako ni la bei rahisi. Usipuuze salamu ya mtu yeyote, hata aliyekukera jana. Mumeo ukimchunia siku tatu, hujapuuza kosa lake. Umempuuza yeye, na mnalala kitanda kimoja.

Tena yapo mambo ambayo hayaingii kabisa kwenye fungu la upuuzi. Mahari ni haki yako, imetajwa katika Surat An-Nisaa, aya ya 4. Matumizi ya nyumba ni haki yako. Kupigwa si jambo la kufumbia macho. Anayekwambia "puuza" hapo anakutaka unyamaze, naye anaitumia vibaya nasaha nzuri. Wahenga walisema mdharau mwiba, guu huota tende. Mkumbuke Bi Khaula bint Tha'laba. Mumewe, Aws bin Samit, alimtamkia kuwa ni kama mgongo wa mama yake, ikawa hana ndoa wala hana talaka. Hakuambiwa arudi nyumbani akapuuze. Alilipeleka jambo lake kwa Mtume (S.A.W.), akabishana, akamshitakia Mola wake, na ikateremka Surat Al-Mujadila, inayoanza kwa kusema kwamba Mwenyezi Mungu amemsikia.

Kwa hiyo kabla ya kupuuza, jiulize mambo mawili. Je, ninaliacha neno au ninamwacha mtu? Na je, hili ni upuuzi, au ni mwiba? Ukipata jibu, utajua la kupitisha na la kusimama nalo.

Mwenyezi Mungu awape maharusi wetu ndimi laini, macho yanayosamehe, na ujasiri wa kusema pale panapostahili. Amin.