Mtu au Mahali: Hiari ya Mjamzito na Historia ya Ukunga Tanzania Bara, 1919–2022

Utafiti wa kitaifa wa hali ya watu na afya wa mwaka 2010 uliacha kitendawili ambacho wanahistoria wa tiba nchini Tanzania hawajakitegua ipasavyo. Kwa mujibu wa utafiti huo, zaidi ya wanawake 9 kati ya 10 waliojifungua katika kipindi kilichochunguzwa walikuwa wamehudhuria kliniki ya wajawazito angalau mara moja. Hata hivyo, ni nusu tu ya uzazi wote uliotokea katika kituo cha afya. Mwanamke yuleyule aliyetembea hadi zahanati, akapimwa, akachomwa sindano ya pepopunda na kupewa kadi, alirudi nyumbani na siku ya uchungu ilipowadia hakwenda tena. Maelezo yaliyozoeleka katika taarifa za wizara na za wafadhili yalikuwa matatu: umbali, umaskini na mila. Mawili ya kwanza yana ukweli usiopingika, kwa kuwa uchungu huanza usiku na gari halipo. La tatu ni gumu kulikubali. Mila haiwezi kumruhusu mwanamke kufika kliniki miezi yote ya mimba kisha ikamkataza siku moja.

Hoja inayojengwa hapa ni kwamba kwa takribani karne moja dola, iwe ya kikoloni au ya taifa huru, imewauliza wanawake swali la mahali: utajifungulia wapi? Wanawake wenyewe wamekuwa wakijibu swali la mtu: nani atakuwa nami? Historia ya ukunga ikisomwa kwa swali la kwanza peke yake, inakuwa simulizi ya ujinga unaopungua kadiri majengo yanavyoongezeka. Ikisomwa kwa swali la pili, mambo mengi yaliyoonekana kuwa ukaidi yanaonekana kuwa uamuzi.

Mkunga kabla ya kuitwa wa jadi

Kwa upande wa pwani vyanzo ni vizuri kuliko inavyodhaniwa. Mtoro bin Mwinyi Bakari, katika Desturi za Wasuaheli iliyochapishwa na Carl Velten mwaka 1903, alieleza kwa Kiswahili mambo ya ujauzito, uzazi na malezi kama alivyoyafahamu katika jamii ya Bagamoyo na mrima. Kabla yake, Emily Ruete, binti wa Sultani Said wa Unguja, alikuwa amegusia uzazi wa jumba la kifalme katika kumbukumbu zake za mwaka 1886. Hivi ni vyanzo viwili vya matabaka tofauti, na kila kimoja kina walakini wake: Mtoro alikuwa mwanamume anayeeleza chumba asichoingia, na Ruete aliandika akiwa Ujerumani, miaka mingi baada ya kuondoka. Lakini kwa pamoja vinaonesha kwamba uzazi ulikuwa shughuli ya wanawake wenye majina, vyeo na haki zao ndani ya nyumba, na kwamba kazi yao haikuishia mtoto alipotoka.

Mkunga wa pwani alikata kitovu, alishughulikia kondo la nyuma, alimkanda mzazi kwa maji ya moto, akamwogesha mtoto na kuwa karibu na nyumba hiyo katika siku arobaini. Uhusiano huo uliendelea hadi mimba iliyofuata, na ndiyo maana methali ikaonya kwamba mtu asitukane wakunga na uzazi ungalipo. Methali hiyo hunukuliwa siku hizi kama nasaha ya jumla juu ya shukrani, lakini kwa mwanahistoria ni ushahidi wa mpangilio wa kijamii. Inachukulia kwamba mwenye kuzaa anamjua mkunga wake, kwamba mkunga anaweza kukosana naye, na kwamba kukosana huko kuna gharama.

Ni kosa kuipeleka picha hiyo ya pwani bara nzima. Katika jamii nyingi za bara hakukuwa na fundi mmoja wa kazi hiyo. Mama mkwe, bibi au mwanamke mzee wa ukoo alitosha, na wengine walijifungua karibu peke yao. Wala si haki kuupamba uzazi wa zamani. Damu ikivuja baada ya kujifungua, kifafa cha mimba kikianza, au mtoto akikwama kwa kuwa nyonga ni ndogo, mkunga hodari kuliko wote hakuwa na la kufanya isipokuwa dawa za miti na dua. Wanawake walikufa, na waliobaki walijua kwamba wangeweza kufa. Kauli ya watu kwamba mjamzito ana mguu mmoja kaburini haikutungwa na wizara ya afya.

Neno lenyewe linastahili kuangaliwa. Leo maandishi ya kiserikali hutofautisha muuguzi mkunga na mkunga wa jadi. Kivumishi hicho cha mwisho kisingehitajika wakati ambapo mkunga alikuwa mmoja tu. Kilihitajika pale taaluma ilipolichukua jina tupu na kumwachia mwenyewe wa kwanza jina lenye kiraka.

Dresa, misheni na hofu ya watu kupungua

Utawala wa Waingereza ulipoanza Tanganyika baada ya Vita Kuu ya Kwanza, maofisa wake walikuwa na hofu iliyoenea Afrika Mashariki nzima: kwamba watu walikuwa wakipungua kwa vita, njaa, magonjwa na vifo vya watoto wachanga, na kwamba koloni lisilo na watu halina nguvukazi. Afya ya mama iliingia katika mafaili ya serikali kwa mlango huo. Mjamzito alihesabiwa kwanza kama chanzo cha watu.

Kinachoshangaza ni jinsi hofu hiyo ilivyozaa vitendo vichache. Mpango wa zahanati za kikabila ulioanza mwaka 1926 uliwaandaa madresa, yaani vijana waliofundishwa kwa muda mfupi kufunga vidonda na kutoa dawa za kawaida chini ya mamlaka za wenyeji. Walikuwa wanaume. Katika jamii ambazo chumba cha uzazi kilikuwa cha wanawake pekee, mfumo wa afya ulioenea vijijini kuliko mwingine wowote haukuwa na mtu wa kuingia humo. Upungufu huo haukutokana na uhaba wa fedha peke yake. Ulitokana na kutowaza kwamba katika uzazi mhudumu ni sehemu ya huduma.

Pengo hilo lilizibwa na misheni. Michael Jennings amechambua jinsi ambavyo, kati ya mwaka 1919 na 1939, huduma ya mama na mtoto Tanganyika ilikuja kutegemea sana mashirika ya kimisheni. Wabenediktini wa Ndanda na Peramiho, na Waanglikana wa UMCA huko Masasi, walikuwa na kitu ambacho serikali haikuwa nacho kwa wingi: wanawake. Watawa na wauguzi wa kike waliishi mahali pamoja kwa miaka mingi, wakajifunza lugha, wakajulikana kwa majina. Lengo lao lilichanganyika na ubatizo na vita dhidi ya desturi walizoziita za kipagani, na mwanamke aliyekwenda kwao alilipa kwa namna hiyo. Bado wapo waliokwenda. Mwanahistoria anayeeleza jambo hilo kwa ubora wa majengo tu atakuwa amesahau kwamba wodi nyingi za awali za misheni hazikupita sana ubora wa nyumba ya udongo.

Kufunzwa, kisha kuachwa

Ripoti ya Titmuss ya mwaka 1964 kuhusu huduma za afya Tanganyika ilikuta mfumo ulioelemea mijini na kwenye tiba badala ya kinga. Baada ya Azimio la Arusha, na hasa katika miaka ya 1970, TANU ilielekeza nguvu vijijini: zahanati, vituo vya afya na kada mpya ya wasaidizi wa afya ya mama na mtoto, wengi wao wanawake vijana. Kliniki ilifanikiwa. Uzito wa watoto ulipimwa, chanjo zikatolewa, na kadi ikawa mali ya kila mama. Kujifungua ndiko kulikobaki nyuma, kwa kuwa kliniki hufunguliwa asubuhi na kufungwa mchana ilhali uzazi hauna saa.

Tamko la Alma-Ata la Septemba 1978 lilimpa mkunga wa jadi nafasi katika timu ya afya ya msingi. Mafunzo yakafuata. Alifundishwa kunawa mikono, kutumia wembe mpya na uzi safi, kutambua dalili za hatari na kumpeleka mgonjwa mapema. Akapewa boksi la vifaa. Mkutano wa Nairobi wa Februari 1987, uliozindua juhudi za kimataifa za uzazi salama na kuweka lengo la kupunguza vifo vya wajawazito kwa nusu ifikapo mwaka 2000, haukumwondoa. Mwaka 1992 WHO, UNICEF na UNFPA bado walimtaja katika tamko la pamoja kama daraja la kuvukia hadi wapatikane wataalamu wa kutosha.

Miaka mitano baadaye daraja lilianza kubomolewa. Mashauriano ya Colombo ya mwaka 1997 yalihitimisha kwamba mafunzo hayo, peke yake, hayakupunguza vifo. Kitabibu hoja hiyo ilikuwa na nguvu: kutambua damu inayovuja si sawa na kuizuia, na dalili ya hatari haina maana pasipo gari wala chumba cha upasuaji mwisho wa safari. Lakini ushahidi ulionesha kwamba daraja halikuwa na ng'ambo. Lawama ikamwangukia aliyesimama juu yake. Katika muda usiozidi kizazi kimoja mwanamke yuleyule alialikwa semina, akapewa boksi, kisha akaambiwa kwamba kumzalisha jirani yake ni kosa.

Faini, barua na heshima

Kuanzia mwaka 2007 Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi ulikusudia kila kijiji kiwe na zahanati na kila kata kituo cha afya. Sambamba na ujenzi ulikuja msukumo wa aina nyingine. Baadhi ya halmashauri ziliweka faini kwa aliyejifungulia nyumbani. Katika kliniki nyingi mjamzito alitakiwa kuja na mwenza wake ili wapimwe virusi vya UKIMWI pamoja, na asiye na mwenza akatakiwa kupata barua ya mwenyekiti wa kijiji au mtaa. Kisheria huduma ya mjamzito ilikuwa bila malipo, kwani utaratibu wa kuchangia gharama ulioanza mwaka 1993 ulimsamehe. Kwa vitendo alibeba glovu, wembe, uzi, mpira wa kutandika kitandani na khanga zake, na asiyekuwa navyo alijua atakavyopokewa.

Hapa ndipo utafiti wa Margaret Kruk na wenzake wilayani Kasulu, uliochapishwa mwaka 2009, unapokuwa na thamani kwa mwanahistoria. Wanawake wa vijijini walipewa vituo vya kufikirika vyenye sifa mbalimbali, wakachagua. Sifa zilizobeba uzito mkubwa zilikuwa mhudumu mwenye heshima, na kuwapo kwa dawa na vifaa. Umbali na gharama havikuongoza. Majibu hayo hayana hata chembe ya kuikataa tiba ya kisasa. Yanaitaka, ila yanaitaka mikononi mwa mtu anayestahili. Utafiti mwingine wa timu hiyo mkoani Tanga, katika wilaya za Korogwe na Muheza, uliwauliza wanawake kama walitukanwa, walipigwa, walipuuzwa au walidhalilishwa wakati wa kujifungua. Walipokuwa wanatoka kituoni, asilimia 19 walisema ndiyo. Walipofuatwa nyumbani wiki kadhaa baadaye, asilimia 28. Tofauti ya takwimu hizo mbili ni kipimo cha kimya ambacho kumbukumbu za hospitali haziwezi kukionesha.

Haitoshi kuwalaumu wauguzi. Muuguzi mmoja wa zamu ya usiku mwenye wazazi wanane na vitanda vinne naye ni zao la historia hii, na ukali wake mara nyingi ni hofu ya kifo kitakachoandikwa kwa jina lake.

Takwimu za baadaye zinaendeleza mjadala. Uzazi katika vituo ulipanda kutoka asilimia 50 mwaka 2010 hadi 63 mwaka 2015/16, ilhali makadirio ya vifo vya uzazi yalitoka 454 hadi 556 kwa kila vizazi hai 100,000. Tofauti hiyo imo ndani ya ukingo wa makosa ya sampuli, hivyo haithibitishi kwamba vifo viliongezeka; inathibitisha tu kwamba kuhama mahali hakukuleta nafuu iliyotarajiwa. Utafiti wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 81 wakijifungulia vituoni na vifo 104. Kushuka huko ni kukubwa mno kuelezwa kwa sababu moja. Katika miaka hiyo vituo vya afya vingi vilipewa vyumba vya upasuaji, na mfumo wa m-mama wa usafiri wa dharura, ulioanzia kanda ya ziwa, ulianza kusambazwa nchini. Kwa maneno mengine, ng'ambo ya daraja ilianza kujengwa, robo karne baada ya Colombo.

Mkoani Kigoma, kati ya mwaka 2016 na 2018, shirika la Thamini Uhai likishirikiana na serikali lilijaribu jambo dogo katika vituo kadhaa: mjamzito aliruhusiwa kuingia leba na msindikizaji aliyemchagua mwenyewe. Hadi wakati huo, katika wodi nyingi za nchi, mama au dada aliyemleta mjamzito aliachwa nje kwenye benchi hadi aitwe. Kuta hazikubomolewa wala kitabu cha tiba hakikubadilishwa; yaliongezwa mapazia kati ya vitanda, kiti na mafunzo mafupi ya kumwonesha msindikizaji namna ya kumpa maji, kumsugua mgongo na kumwita muuguzi mapema.