Afya ya kinyonga anayefugwa

Afya ya kinyonga anayefugwa inahusu maradhi yanayowapata vinyonga (mijusi wa familia Chamaeleonidae) wanapotunzwa na binadamu, dalili za maradhi hayo na namna ya kuyashughulikia. Maradhi mengi ya kinyonga wa nyumbani hayatokani na kuambukizwa bali na matunzo: jua la moja kwa moja, maji ya matone na kalisi katika chakula. Tatizo kubwa ni kwamba kinyonga huficha ugonjwa. Porini kinyonga dhaifu huliwa upesi na ndege au nyoka, kwa hiyo hujikaza kwenye tawi mpaka nguvu zinapokwisha. Mara nyingi mfugaji anapogundua kwamba mnyama wake ni mgonjwa, ugonjwa umeshakuwa na wiki kadhaa.

Makala hii inahusu hasa hali ya Dodoma na uwanda wa juu wa kati wa Tanzania, lakini mengi yaliyomo ni kweli kwa vinyonga wa mahali pengine.

Kinyonga wa Dodoma

Spishi inayoonekana zaidi katika vichaka, bustani na kando ya barabara za Dodoma ni Chamaeleo dilepis, kinyonga mkubwa wa kijani, manjano au kahawia mwenye mikunjo miwili ya ngozi nyuma ya kichwa. Anaweza kufikia urefu wa sentimita 35 hivi pamoja na mkia. Akitishwa huvimba, huinua mikunjo hiyo, hufungua kinywa na kutoa sauti kama ya nyoka. Wengi humwogopa na kumuua wakidhani ana sumu. Hana sumu; anaweza kung'ata, basi.

Spishi hii imezoea nchi kavu. Mji wa Dodoma uko kwenye mwinuko wa mita 1,100 na kitu juu ya usawa wa bahari, na mvua zake hunyesha takriban kuanzia Desemba hadi Aprili. Miezi inayobaki ni mikavu, yenye upepo na vumbi, na usiku wa Juni na Julai ni wa baridi. Vinyonga wa milimani ni habari nyingine. Wale wa Usambara, Uluguru au Udzungwa, wakiwemo wa jenasi Kinyongia iliyopewa jina mwaka 2006 kutokana na neno la Kiswahili, huishi kwenye misitu yenye ukungu. Wakiletwa Dodoma hudhoofika kwa joto na ukavu hata wakipewa chakula cha kutosha.

Dalili za kutazama

Kiungo cha kwanza cha kuangalia ni macho. Kinyonga mzima huwa macho mchana kutwa, na kila jicho huzunguka peke yake likitafuta wadudu. Kinyonga anayefumba macho mchana ni mgonjwa, hata kama bado anakula. Macho yaliyoingia ndani yanaonyesha kukosa maji. Yaliyovimba yanaonyesha uambukizo, vumbi au upungufu wa vitamini A. Isichanganywe na tabia ya kawaida ya kutunisha jicho na kulizungusha kwa dakika moja hivi wakati wa kunyunyiziwa maji, kwani ndivyo anavyolisafisha.

Rangi hupotosha wengi. Kinyonga mweusi au wa kahawia asubuhi anaota jua, kwa sababu rangi nyeusi hunasa joto. Kinyonga mweupe usiku amelala, na ndiyo maana huonekana kwa urahisi kwa tochi. Lakini akibaki mweusi mpaka jioni, au akipauka mchana, kuna jambo.

Hata kinywa wazi kina maana tatu. Saa sita mchana juani ni njia ya kupunguza joto, na dawa yake ni kivuli. Mbele ya mtu au mbwa ni kitisho. Lakini kinyonga anayekaa kinywa wazi kwenye ubaridi, kichwa kikiwa kimeinuliwa juu, huku akitoa ute au mlio mdogo kila anapopumua, ana ugonjwa wa mapafu.

Dalili nyingine ni kushindwa kushika tawi vizuri, kulala chini ya kizimba badala ya juu, ulimi kutofika kwa mdudu, na uvimbe kwenye miguu au taya. Njia bora ya kuwahi ugonjwa ni kumpima uzito kila wiki kwa mizani ndogo ya kidijitali na kuandika. Akipoteza sehemu ya kumi ya uzito wake bila kutaga, asisubiriwe.

Kukosa maji

Katika uwanda wa kati hili ndilo tatizo la kwanza. Kinyonga kwa kawaida hatambui maji yaliyotulia kwenye bakuli. Porini hulamba umande na matone ya mvua kwenye majani. Anaweza kufa kwa kiu akiwa hatua mbili kutoka kwenye bakuli lililojaa.

Kipimo rahisi ni kinyesi. Kinyonga hatoi mkojo wa maji kama binadamu. Figo zake hutoa asidi ya uriki, ambayo huonekana kama donge jeupe pembeni ya kinyesi cha kahawia. Donge likiwa jeupe, maji yanatosha. Likiwa na rangi ya machungwa, hayatoshi. Hali hiyo ikiendelea kwa muda mrefu figo huharibika na asidi hujikusanya kwenye viungo, yaani kinyonga hupata jongo. Hapo viungo vya miguu huvimba na matibabu huwa hayana matumaini makubwa.

Kinga yake ni ya bei ndogo. Chupa ya plastiki iliyotobolewa kwa pini na kuning'inizwa juu ya majani itatoa tone baada ya tone kwa saa moja au mbili. Majani yanyunyiziwe maji asubuhi na jioni, na katika miezi ya upepo, kuanzia Julai hadi Oktoba, hata mchana. Maji mengi ya Dodoma hutoka kwenye visima virefu, vikiwemo vya bonde la Makutupora, nayo yana chumvichumvi. Huacha madoa meupe kwenye majani na kuziba tundu la chupa, kwa hiyo majani yaoshwe mara kwa mara. Madoa hayo yasichukuliwe kuwa chanzo cha kalisi cha kutosha.

Kinyonga aliyekauka asimiminiwe maji kooni kwa bomba la sindano. Tundu la hewa liko nyuma kidogo ya ulimi na maji huingia mapafuni. Tone lidondoshwe kwenye ncha ya pua au pembeni ya mdomo, naye atalamba mwenyewe. Pia asilazimishwe kula kabla ya kunywa.

Mifupa laini

Ugonjwa huu unafanana na matege ya watoto na una chanzo kilekile. Kinyonga anahitaji kalisi ili kujenga mifupa, na ili kuitumia anahitaji vitamini D3, ambayo ngozi yake huitengeneza kwa miali ya urujuanimno ya jua. Kimoja kikikosekana, mwili huchota kalisi kutoka kwenye mifupa yenyewe. Miguu hupinda kama upinde, taya hulegea, mgongo na mkia huvunjika kwa kumshika tu. Baadaye misuli hutetemeka na ulimi hushindwa kufyatuka, naye hufa kwa njaa akimtazama panzi.

Kuugua ugonjwa huu Dodoma, ambako jua ni la bure karibu mwaka mzima, ni jambo la kusikitisha, lakini hutokea. Sababu ya kawaida ni kioo. Mtu huweka kizimba dirishani akiamini kwamba jua linaingia. Mwanga unaingia, joto linaingia, lakini miali inayotengeneza vitamini D3 huzuiwa na kioo. Balbu za kawaida za nyumbani nazo hazina miali hiyo. Taa maalumu za watambaazi hupungua nguvu baada ya miezi sita hadi kumi na miwili ingawa bado zinawaka. Saa moja ya jua la asubuhi nje, kwenye kizimba cha wavu chenye matawi na upande mmoja wenye kivuli, ni bora kuliko taa yoyote. Kivuli ni lazima, kwani joto la mwili likizidi nyuzi 38 za selsiasi kinyonga huwa hatarini kufa. Kizimba cha kioo kisiwekwe juani kamwe, hata kwa dakika chache.

Nusu ya pili ya tatizo ni chakula. Panzi, nyenje na mende wana fosforasi nyingi kuliko kalisi, wakati kinyonga anahitaji kinyume chake, takriban kalisi mara mbili ya fosforasi. Kwa hiyo wadudu hupakwa unga wa kalisi kabla ya kuliwa. Maganda ya mayai yaliyochemshwa, kukaushwa na kusagwa laini kabisa yanafaa. Chokaa ya chakula cha kuku nayo inafaa, mradi isiwe mchanganyiko wenye fosforasi kama ule wa kuongezea mifupa ya mifugo. Chokaa ya kupakia kuta haifai. Huunguza kinywa na tumbo. Wadudu wenyewe walishwe majani mabichi, kwa mfano ya mlonge au kunde, siku moja kabla.

Mifupa iliyokwisha kupinda hainyooki. Matibabu husimamisha ugonjwa, hayarudishi umbo. Kinyonga mwenye mguu uliopinda anaweza kuishi vizuri kwenye matawi ya chini, manene kiasi cha kushikika.

Mapafu, kinywa na macho

Ugonjwa wa mapafu hutokea zaidi kinyonga anapolazwa na unyevu usiku wa baridi. Ndiyo sababu maji ya jioni yanyunyizwe mapema majani yapate kukauka. Huhitaji kiuavijasumu kutoka kwa daktari wa mifugo, pamoja na joto la mchana. Uvimbe au usaha mgumu wa manjano kwenye fizi ni uambukizo wa kinywa, ambao mara nyingi huanzia kwenye jeraha dogo. Jicho lililovimba lisafishwe kwa maji safi ya uvuguvugu. Dawa za macho za binadamu zenye steroidi hudhoofisha kinga na zisitumike kwa kubahatisha. Vitamini A ya vidonge nayo ni hatari, kwani ikizidi huwa sumu.

Mayai yaliyokwama

Jike la Chamaeleo dilepis hutaga, mara nyingi mayai 20 hadi 50 hivi, katika shimo analolichimba mwenyewe. Anaweza kuwa na mayai hata kama hajakutana na dume. Akikosa udongo wa kuchimba huyazuia, na huko kuzuia kunaweza kumuua. Jike mnene anayeacha kula, kuzungukazunguka sakafuni na kukwaruza pembeni anatafuta mahali pa kutagia. Apewe ndoo yenye mchanga uliochanganywa na udongo, wenye unyevu wa kushikamana, kina cha sentimita 25 au zaidi, na asitazamwe, kwa sababu akiona mtu huacha. Akilegea na kufumba macho kabla ya kutaga apelekwe kwa daktari siku hiyohiyo.

Minyoo na sumu

Kinyonga aliyekamatwa porini karibu kila mara huwa na minyoo. Akiwa na nguvu huishi nayo. Akichoshwa na kizimba huzidiwa. Minyoo ya jenasi Foleyella, ambayo huenezwa na mbu, huonekana kama uzi unaosogea chini ya ngozi. Kinyesi kipya kipimwe kwa hadubini kabla ya kutoa dawa. Ivermectin inayouzwa madukani kwa ajili ya ng'ombe na mbuzi huua kobe, na kwa kinyonga mwenye uzito wa gramu chache kosa dogo la kipimo ni kubwa.

Wadudu waliookotwa mashambani ni chakula kizuri, ila katika maeneo ya mtama na uwele viuatilifu hupigwa dhidi ya wadudu na pia dhidi ya kwelea kwelea. Fenthion, dawa ya kwelea, hudhuru mishipa ya fahamu. Kinyonga aliyekula panzi mwenye sumu hutetemeka na kutoa mate. Wadudu wasichukuliwe kwenye shamba lililonyunyiziwa hivi karibuni.

Kumfikisha kwa daktari

Madaktari wengi wa mifugo wa uwanda wa kati wamezoea ng'ombe, mbuzi na kuku, hivyo ni vema mfugaji afike na maelezo: uzito wa wiki zilizopita, picha ya kizimba, aina ya chakula, na kinyesi kipya ndani ya kichupa safi. Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania una kituo Dodoma, na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kilichopo Morogoro hufundisha udaktari wa wanyama. Kinyonga asafirishwe ndani ya boksi lenye matundu na kijiti cha kushika, gizani, mbali na jua. Baada ya kumshika, mikono ioshwe kwa sabuni, kwani watambaazi hubeba bakteria wa salmonela bila kuugua. Watoto wadogo wanaweza kuugua sana.

Sheria na kumrudisha porini

Kwa mujibu wa Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, kumkamata na kumweka mnyamapori nchini Tanzania bila kibali ni kosa. Biashara ya kimataifa ya vinyonga husimamiwa na mkataba wa CITES, na mwezi Machi 2016 serikali ilisimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai nje ya nchi. Kwa kinyonga aliyeokotwa bustanini juzi, akiwa hana jeraha, tiba bora ni kumrudisha asubuhi kwenye kichaka kilekile alikotoka.

Kichaka cha mahali pengine hakifai. Mwaka 1972 vinyonga wenye pembe tatu (Trioceros jacksonii) kutoka Kenya walifika Hawaii wakiwa wamekonda na kukauka kwa safari. Mwenye duka la wanyama aliwaachia bustanini mwake kisiwani Oahu wapate nafuu. Walipona, wakaondoka, na vizazi vyao sasa viko kwenye visiwa kadhaa vya Hawaii, ambako hula konokono na wadudu wasiopatikana popote pengine duniani.