Baba, Kichocho na Kisu

Tulipokuwa watoto huku Usukumani, kukojoa damu halikuwa jambo la kumpeleka mtu hospitalini. Tulichunga ng'ombe, tukaoga lamboni, tukapanda mpunga majarubani maji yakitufika magotini, na wengi wetu tukaona mkojo ukimalizikia na wekundu. Wakubwa walituambia kuwa ni dalili ya kukua. Aliyekuwa bado hajaona damu ndiye aliyetaniwa. Naanza na jambo hili kwa sababu ugonjwa uliomwua baba yangu mwaka 1994 ulianzia hapo, miaka mingi kabla ya yeyote nyumbani kwetu kutamka neno saratani.

Baba alikuwa mkulima wa pamba na mpunga wilayani Shinyanga. Ujanani alikwenda Geita kutafuta fedha ya kodi na ng'ombe wa mahari, akafanya kazi chini ya ardhi katika ule mgodi wa dhahabu wa zamani ambao ulifungwa mwaka 1966. Alirudi na baiskeli, koti, na kikohozi ambacho hakikumwacha. Kwa hiyo alipoanza kukojoa damu mwaka 1992, akiwa na umri upatao miaka 70, alikuwa na jibu tayari: ni vumbi la Geita linatoka. Zahanati moja ilimpa sindano za kisonono, jambo lililomfedhehesha sana mbele ya mama. Miezi ikapita. Mwanzoni mwa mwaka 1993 alishindwa kabisa kupitisha mkojo, nasi tukampandisha treni ya Mwanza usiku, akiwa amekalia kanga zilizokunjwa, bila kulalamika hata kwa neno moja.

Hospitali ya Bugando, iliyofunguliwa mwaka 1971, iko juu ya kilima, na mgonjwa anayepandishwa pale huliona jiji lote na ziwa. Daktari wa upasuaji alimpitishia mpira, akampiga picha, kisha akaingiza bomba jembamba lenye taa na kukata kipande cha nyama kwa uchunguzi. Siku majibu yalipotoka aliishika picha dirishani, akanionyesha kibofu. Kilionekana cheupe pembezoni, kama ganda la yai. "Mwalimu," aliniuliza, "mzee amepata kulima mpunga?" Hakuuliza habari za mgodi.

Nikiwa mwalimu niliyesomea Butimba, nilikuwa nimewafundisha watoto habari za kichocho kwa miaka mingi, kwa mchoro wa ubaoni wenye mishale. Sikuwahi kufundisha kwamba mishale ile ina mwisho mwingine. Baadaye nilisoma, na haya ndiyo niliyoyakuta.

Kichocho ni ugonjwa mkongwe. Mwaka 1851 Theodor Bilharz, daktari Mjerumani aliyekuwa akifanya kazi Cairo, aliwaona minyoo wake katika maiti. Mwaka 1910 Marc Armand Ruffer alitoa taarifa kwamba ameyakuta mayai yao, yaliyogeuka chokaa, katika figo za maiti za Wamisri zilizohifadhiwa kwa zaidi ya miaka 3000. Mwaka uliofuata, Ferguson, pia wa Cairo, aliandika juu ya wagonjwa 40 wenye saratani ya kibofu na kuihusisha na kichocho. Mwaka 1915 Robert Leiper akaonyesha huko huko Misri kwamba konokono wa majini ndiye anayembeba mdudu huyo kabla hajamwingia mtu.

Njia yenyewe ni hii. Yai hutoka na mkojo. Likifika majini huanguliwa, na kijidudu chake humwingia konokono. Humo huzaliana, kisha vijidudu vingi hutoka vikiogelea kutafuta ngozi ya mtu, huipenya, na mtu huenda asihisi zaidi ya kuwashwa. Minyoo dume na jike hukaa wameambatana katika mishipa ya damu ya kibofu kwa miaka, jike akitaga. Mayai mengine hutoka. Mengine hunasa ukutani mwa kibofu, yakaleta vidonda, vidonda vikaleta makovu, na makovu yakashika chokaa. Kwa baadhi ya watu, miaka mingi baadaye, hapo penye kovu huota saratani. Mwaka 1994, ambao ndio tuliomzika baba, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lililoko Lyon, Ufaransa, liliuweka rasmi mnyoo huu katika kundi la visababishi vya saratani kwa binadamu.

Na huku kwetu je? Kati ya mwaka 1947 na 1956 serikali ya kikoloni iliendesha mpango mkubwa wa maendeleo ya Usukuma. Vichaka vya mbung'o vilifyekwa, watu wakahimizwa kuhamia Geita kwenye ardhi mpya, na malambo mengi yakachimbwa. Malambo yalikuwa neema. Kabla yake, akina mama walitembea kutwa kutafuta maji ya kiangazi. Lakini konokono hakuulizwa kama anakaribishwa. Aina za kwetu zinaweza hata kujificha katika tope lililokauka, zikazinduka mvua inaponyesha. Mwanza yenyewe ilikuwa na taasisi ya utafiti wa magonjwa, ambako wataalamu kama Peter Jordan na Gerald Webbe walikichunguza kichocho katika miaka ya 1950 na 1960. Elimu ilikuwapo, basi, safari ya siku moja kutoka kwetu. Haikuufikia ukingo wa lambo.

Nirudi wodini. Daktari alitueleza kwamba saratani imeota sana lakini huenda bado inaondoleka. Tiba ya mionzi wakati ule ilipatikana Dar es Salaam tu. Yeye angeweza kukitoa kibofu chote. Swali lilikuwa mkojo upite wapi. Kulikuwa na njia mbili. Ya kwanza ni kuiunganisha mirija ya figo na utumbo mpana, ili mtu apate haja zote mahali pamoja. Njia hii ina asili yake katika upasuaji alioufanya John Simon katika hospitali ya St Thomas', London, mwaka 1851, mwaka ule ule wa Bilharz, kwa mtoto aliyezaliwa na kibofu kilicho wazi. Ya pili, iliyoelezwa na Eugene Bricker wa Marekani mwaka 1950, ni kukata kipande cha utumbo mwembamba, kukifungua tumboni, na kuvaa mfuko wa kukingia mkojo. "Mifuko hiyo," daktari alisema kwa upole, "sijui mtaipata wapi kila mwezi kule kijijini." Akaongeza kwamba kwa umri wa mzee na wembamba wake, anaweza asitoke mezani.

Tulikutana nyumbani kwa dada yangu, watoto 6 na baba mdogo. Tulibishana siku mbili. Kaka yangu alisema baba hawezi kukatwakatwa uzeeni kama kafara. Mimi nilisimama upande wa kisu. Nilikuwa msomi wa ukoo, na niliamini kwamba kukataa tiba ni ujinga ambao nililipwa mshahara kuupiga vita. Tulikubaliana kuuza ng'ombe 4. Nikapanda kilima kumweleza daktari uamuzi wetu.

Alinisikiliza, kisha akauliza, "Na mzee mwenyewe amesemaje?"

Hatukuwa tumemwuliza. Hata jina la ugonjwa tulikuwa tumemficha, tukamwambia ni jipu la ndani. Daktari aliketi kitandani kwake, akamweleza yote kwa Kisukuma, polepole, bila kumtisha na bila kumdanganya. Baba alinyamaza kitambo. Kisha akauliza mambo matatu. Je, baada ya kukatwa ataweza kutembea hadi jarubani? Nani atamwosha, mkewe au wakwe zake? Na je, ugonjwa hautarudi? Daktari alijibu la kwanza kwamba huenda, la pili kwamba hajui, na la tatu kwamba hawezi kuahidi.

"Basi nirudisheni nyumbani," baba alisema. Halafu akanigeukia mimi: "Mwalimu, usinikasirikie."

Nilikasirika, lazima nikiri. Nilikasirika ndani ya treni na wiki kadhaa baadaye. Na kwa kuwa nilikasirika, siku ya kuruhusiwa sikuuliza swali moja ambalo ningepaswa kuuliza: akianza kuumwa, tufanye nini? Tulikuwa tumetumia maneno yetu yote juu ya kisu. Juu ya maumivu hatukuwa na hata neno moja.

Maumivu yalikuja miezi miwili baada ya hapo, yakakaa karibu miezi sita. Tulikuwa na aspirini, panadol na maji ya moto. Mama alimkanda kiuno usiku kucha. Mzee ambaye hakulia mgodini alilia, na wajukuu walihamishiwa nyumba ya jirani wasisikie. Alifariki Februari 1994, alfajiri, majira ya kupandikiza mpunga.

Miaka mingi baadaye nilisoma kwamba mwaka ule wa 1993, ng'ambo ya ziwa letu, daktari Mwingereza Anne Merriman alianzisha Kampala huduma ya wagonjwa wasiotarajiwa kupona. Dawa yake kuu ilikuwa unga wa mofini uliokorogwa katika maji, ambao mgonjwa hunywa akiwa nyumbani kwake. Mwaka 2004 Uganda ikawaruhusu hata wauguzi waliopewa mafunzo maalumu kuiandika dawa hiyo. Nilipolisoma hilo nilifunga kitabu, nikatoka nje. Baba alikuwa na haki ya kukikataa kisu. Nilichokosea mimi ni kudhani kwamba mtu akikataa kisu amekataa kutibiwa, na kwamba kazi yetu imekwisha.

Mengi yamebadilika. Mwaka 1996 Ocean Road ilifanywa taasisi kamili ya saratani, na siku hizi Bugando nayo inatoa mionzi. Katika miaka yangu ya mwisho ya ualimu mkuu, wahudumu wa afya walikuja shuleni na vidonge vya kichocho. Walikuwa na mti uliochorwa mistari. Mtoto alisimama kando yake, na urefu wake ukaonyesha idadi ya vidonge vyake. Niliwapanga kwenye mstari mwenyewe, darasa kwa darasa, nikahakikisha kila mmoja amemeza. Jioni yake nilipita lamboni na kuwakuta baadhi yao wakiogelea. Vidonge huua minyoo iliyomo mwilini. Haviwazuii wapya kuingia.

Niliwaita watoke majini, nikawaketisha ukingoni na kuwauliza nani kati yao amepata kuona damu. Walichekeana. Kisha mikono minne ikanyooka, na mmoja wao akasema babu yake amemwambia ni dalili ya kukua.