Ardhi ya chuo: ya gari au ya mwanafunzi?

Ndugu msikilizaji, juma hili nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo wengi huliona dogo, nalo ni mahali pa kuegesha magari katika vyuo vikuu. Utasema, huyu bwana ameishiwa na mada. La hasha. Clark Kerr, aliyekuwa rais wa Chuo Kikuu cha California kuanzia mwaka 1958 hadi 1967, aliwahi kutania kwamba kati ya matatizo makubwa matatu yanayomsumbua mwendesha chuo, moja ni maegesho ya magari ya walimu. Mara nyingine alisema kuwa chuo kikuu ni kundi la wasomi ambao kila mmoja ana lake, na kinachowaunganisha ni lalamiko moja tu, la maegesho. Watu walicheka. Lakini msimamizi wa kampasi yoyote kubwa hukuta kwamba mzaha ule ulikuwa na ukweli mwingi kuliko inavyofaa.

Na tusidhani ni mambo ya zamani. Katika kampasi ya Berkeley ya chuo hichohicho, profesa akipata Tuzo ya Nobel huheshimiwa kwa kutengewa mahali pake pa kuegesha gari, pakiwa na kibao. Fikiri hapo. Mtu amevumbua jambo la kuushangaza ulimwengu, na tunu anayopewa na jirani zake ni kipande cha lami. Huo ndio uzito wa suala lenyewe.

Hesabu yake si ngumu. Gari dogo moja, ukijumlisha na nafasi ya kulipitisha na kuligeuza, huhitaji karibu mita 25 za mraba. Magari 300 yanameza eneo la uwanja mzima wa mpira. Na magari hayo 300, kwa desturi yetu sote, hubeba watu 300 na wachache zaidi. Mahali pa gari moja hutosha baiskeli 10 bila kubanana. Basi chuo kinapopanuka, uamuzi unakuwa mmoja kati ya miwili: ama ardhi ijengwe madarasa, maabara na mabweni, ama itandazwe lami ili magari yalale juani toka asubuhi mpaka jioni.

Leo napenda nisimulie habari za mji mmoja ulioliona jambo hili mapema. Mji huo ni Davis, katika jimbo la California, Marekani, kiasi cha kilometa 24 kutoka Sacramento, makao makuu ya jimbo. Chuo chake kilianza mwanzoni mwa karne ya 20 kama shamba la mafunzo ya kilimo la Chuo Kikuu cha California. Mwaka 1959 shamba lile likapandishwa hadhi, likawa kampasi kamili yenye kufundisha taaluma zote. Mkuu wake wa kwanza katika hadhi hiyo mpya alikuwa Emil Mrak, mtaalamu wa chakula na hamira, aliyeshika usukani hadi mwaka 1969.

Mrak alijua kwamba wanafunzi wangeongezeka kwa maelfu. Kote California miaka ile gari lilikuwa mfalme. Barabara kuu zilikuwa zikichanwa kila upande, na kampasi nyingi zilijengwa zikiwa zimezungukwa na bahari ya magari. Yeye akawaagiza wachora ramani wake jambo la kushangaza: wapange kampasi ya watu wa baiskeli, yenye miti ya kivuli. Wanafunzi wapya nao wakahimizwa waje na baiskeli zao. Kisha, katika miaka hiyohiyo ya 1960, sehemu ya katikati ya kampasi ikafungwa kwa magari ya kawaida. Mwenye gari aliegesha pembezoni, akaingia kwa miguu au kwa baiskeli kama wenzake.

Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Mrak alimkunja samaki kabla hajakauka. Laiti angengoja miaka ishirini, kila mwalimu angekuwa na mahali pake alipopazoea, na kumwondoa hapo kungekuwa kama kumnyang'anya shamba la urithi.

Lakini chuo hakielei hewani. Mwanafunzi akitoka getini anaingia mjini, na huko magari yalikuwa yakizidi na kuwasukuma waendesha baiskeli pembeni. Hapo ndipo wanapoingia raia wa kawaida. Profesa mmoja wa uchumi, Frank Child, alikwenda na mkewe Eve na watoto wao kuishi kwa muda The Hague, Uholanzi. Huko wakaona baiskeli zimetengewa njia zake, na wazee kwa watoto wanakwenda sokoni na shuleni bila hofu. Waliporudi Davis wakaungana na majirani, wakaunda kikundi, wakakusanya saini, wakaandika magazetini, wakataka mji utenge njia za baiskeli barabarani.

Madiwani wa wakati huo walikataa. Wananchi nao hawakuchoma matairi wala kurusha mawe, walisubiri sanduku la kura. Katika uchaguzi wa mwaka 1966 njia za baiskeli zikawa hoja kubwa, na wagombea waliounga mkono baiskeli wakashinda. Baraza jipya likaanza kazi, lakini likakuta kikwazo kingine: sheria za jimbo hazikutambua kitu kama njia ya baiskeli katika barabara ya magari. Ikabidi sheria irekebishwe kwanza. Mwaka 1967 Gavana Ronald Reagan, ambaye baadaye alikuwa Rais wa Marekani, akaitia sahihi. Mwaka huohuo Davis ikapiga mstari mweupe barabarani, na hizo zikahesabiwa kuwa njia za kwanza za baiskeli za namna hiyo katika Marekani nzima.

Wahandisi wa mji hawakuwa na kitabu cha kunakili. Walijaribu njia za aina mbalimbali. Waliweka njia ya baiskeli kati ya magari yaliyoegeshwa na ukingo wa barabara, wakaona kwenye makutano dereva hamwoni mwendesha baiskeli mpaka amekwisha mkaribia. Wakaiacha, wakashika iliyofaa zaidi. Chuoni nako kukawa na tatizo la aina yake. Kipindi kikiisha, maelfu ya wanafunzi humiminika kwa wakati mmoja, na kwenye njia panda baiskeli hugongana. Dawa yake ilikuwa kujenga vipilefti, vidogo, vya baiskeli tu, ambavyo mpaka leo ni alama ya kampasi ile.

Wapo wasiojua baiskeli, wapo wanaokaa mbali, na zipo siku za mvua. Mwaka 1968 serikali ya wanafunzi ikanunua mabasi mawili makuukuu ya ghorofa kutoka London, ikaanzisha huduma iitwayo Unitrans. Madereva walikuwa wanafunzi wenyewe, na hata leo wengi wa madereva wake ni wanafunzi. Mwaka 1972 mabasi hayo yakafunguliwa kwa wananchi wote wa mji. Kwa hiyo mzee anayekwenda dukani huendeshwa na kijana ambaye saa moja baadaye yuko darasani akisikiliza mhadhara wa kemia. Fedha za kuendesha mabasi zimetoka kwa sehemu kubwa katika ada ambayo wanafunzi walijiwekea wenyewe kwa kura.

Hapa nataka tusimame kidogo tuzungumzie fedha, maana ndipo wengi wanapopotea. Wapo wasemao maegesho chuoni yawe bure kwa kuwa ni haki ya mfanyakazi. Profesa Donald Shoup wa Los Angeles, aliyefariki mwaka 2025, alitumia maisha yake kuonyesha kuwa maegesho ya bure hayapo. Katika kitabu chake kikubwa cha mwaka 2005 alieleza kwamba ardhi ina thamani, lami ina gharama, taa na mlinzi wana mshahara. Asipolipa mwenye gari, analipa mwingine bila kujua. Katika chuo huyo mwingine ni nani? Ni mwanafunzi aliyekuja kwa miguu, ambaye fedha iliyomwaga lami ingemjengea bweni au kumnunulia vitabu. Asiye na gari anamlipia mwenye gari. Hebu tulitafakari hilo bila hasira.

Chuo Kikuu cha Washington, mjini Seattle, kililikabili jambo hilo mwaka 1991. Siku zilezile kilipopandisha bei ya kuegesha, kilianzisha kadi ya usafiri ya bei nafuu iliyomwezesha mwanafunzi na mfanyakazi kupanda mabasi ya mji. Ukitazama utaona busara yake. Watu hawakunyang'anywa njia ya kufika kazini, ila walipewa nyingine kabla ya ile ya kwanza kuwa ghali. Ungepandisha bei ya maegesho peke yake ungeleta manung'uniko. Ungetoa kadi peke yake usingekuwa na fedha za kuilipia. Viwili hivyo vilikuwa kama mafiga, kimoja bila mwenzake hakiinjiki chungu. Mfano huo umefuatwa na vyuo vingi vya Marekani na Kanada.

Sasa, nisije nikadhaniwa napiga zumari la Davis. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Sensa ya Marekani ya mwaka 1980 ilionyesha kuwa zaidi ya robo ya wafanyakazi wa mji ule walikwenda kazini kwa baiskeli. Kufikia sensa ya mwaka 2000 walikuwa wameshuka hadi karibu asilimia 14. Njia zilikuwapo, tena zimeongezwa. Kilichobadilika ni makazi. Nyumba zilipanda bei, wahadhiri na wanafunzi wakahamia miji ya jirani, na mtu anayekaa kilometa 25 hawezi kuja kwa baiskeli kila siku. Wengine waliacha baiskeli wakapanda basi, na hao si hasara. Lakini waliorudi kwenye gari walirudi kwa sababu ya kodi ya nyumba, wala si kwa kupenda anasa. Somo ni kwamba usafiri wa chuo huanzia pale mtu anapolala.

Somo hilo linanirudisha kwetu. Chuo chetu kilizaliwa mwaka 1961 katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba, Dar es Salaam, kikiwa na wanafunzi 14 wa sheria. Mwaka 1964 kikahamia Mlimani, kama kilometa 13 kutoka katikati ya mji. Miaka ile wanafunzi walilala hukohuko mlimani, na kutoka bwenini hadi darasani ilikuwa mwendo wa miguu chini ya miti. Bila mtu kuliita jina lolote, ule ulikuwa mpango mzuri wa usafiri. Kisha mji ukakua ukaukumba mlima. Wanafunzi wakawa maelfu kwa maelfu, mabweni yakawa hayatoshi, wengi wakapanga vyumba Sinza, Kimara, Mbezi na kwingineko. Shirika la UDA, lililoundwa mwaka 1974, lilielemewa, na mwaka 1983 mabasi ya watu binafsi yakaruhusiwa, ndizo daladala tuzijuazo. Mwaka 2016 mabasi ya Mwendokasi yakaanza kupita Ubungo, karibu kabisa na chuo.

Mimi nilisoma stashahada yangu ya uandishi wa habari kwa nauli ya daladala, nikisimama mlangoni asubuhi na jioni, na sikuwa peke yangu. Ndiyo maana nikipita katika kampasi zetu mbalimbali na kuona uwanja uliokuwa na miembe sasa umejaa magari, huku wanafunzi wakitembea kwenye ukingo wa barabara wakikwepa vioo, najiuliza ni nani aliyeamua hivyo, na lini. Mara nyingi jibu ni kwamba hakuna aliyeamua. Gari moja liliegeshwa kwenye majani, la pili likafuata, mvua ikanyesha pakawa tope, ikaletwa kokoto, kisha lami. Ardhi ya umma imekwenda bila kikao hata kimoja.

Wapo watakaosema baiskeli kwetu ni ya muuza mkate na muuza maziwa, msomi hawezi kuonekana juu yake. Nawajibu kwamba baiskeli si ngeni kwetu. Shinyanga zimebeba abiria kwa miaka mingi, na mpakani Busia ndiko lilikozaliwa jina la bodaboda kabla pikipiki hazijaliteka. Jua la Dar es Salaam ni kali, kweli, lakini kiangazi cha Davis huvuka nyuzi 35, na ndiyo sababu Mrak alitaka miti.

Hatuhitaji kunakili Davis. Mlimani kuna mwinuko, Davis ni tambarare kama sinia. Tunachoweza kuazima ni utaratibu wa kuamua: katikati ya kampasi pawe pa watu wa miguu; basi dogo la uhakika litoke kituo kikubwa hadi madarasani; mwenye gari achangie thamani ya ardhi anayoikalia, na mchango huo ulipie basi hilo; na mabweni yajengwe kabla ya maegesho. Mlemavu na mgonjwa watengwe na masharti hayo, wao wafikishwe mlangoni. Nayo serikali ya wanafunzi isingoje kuonewa huruma, ikumbuke wenzao walioanza na mabasi mawili makuukuu.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Vyuo vipya vinajengwa kila mkoa, na ramani zao bado ni karatasi mezani. Kufuta mstari kwenye karatasi ni kazi ya kifutio. Kung'oa lami ni kazi ya fedha, na ugomvi.

Kwa leo tuishie hapo, ndugu msikilizaji. Tukijaliwa, tukutane juma lijalo wakati kama huu.